Mwaka Ambao Watu Walianguka Sana

Kabla sijaona chochote nilisikia goti. Lilikuwa likija koridoni, nje ya chumba chetu, likilia kila hatua ya pili, kama mtu anayevunja njugu na kufikiri kidogo kati ya njugu moja na nyingine. Mzee Odhiambo, mkuu wa chumba cha tiba ya viungo katika hospitali ya shamba la chai, hakuinua uso kutoka kwenye birika lake.

"Huyo ni mwanamume ama mwanamke?" aliniuliza.

"Bado sijamwona, mzee."

"Kwani nimekuuliza kama umemwona?"

Nikabahatisha mwanamume. Akaingia mama mnene wa miaka hamsini hivi, epron ya plastiki bado kiunoni, akatusalimu kwa mkono na kukaa bila kukaribishwa.

"Umekosa," Odhiambo akasema. "Lakini umesikiliza. Wengine wakitoka chuoni huanza kwa kuuliza eksirei iko wapi."

Hiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, mwaka wa tisini, mimi Koech nikiwa na koti jeupe lililokunjwa kama bahasha na cheti ambacho hakuna aliyewahi kuomba kukiona. Ninyi mlioachiwa chumba kile mmeniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu. Vyeo nitaviruka, maana navyo viliniruka mara nyingi. Nitaandika habari za mikono, kwa kuwa ndiyo niliyoitumia, na za shingo moja, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha kwamba mpaka wakati ule nilikuwa naitumia vibaya.

Vifaa vyetu mnavijua, vingine bado viko. Taa nyekundu ya joto iliyohitaji kupigwa kofi ndipo iwake. Kapi la kuvutia shingo, lenye mifuko ya mchanga kama mizani. Sufuria ya nta ya kuyeyusha, ambamo wachuna majani walichovya vidole vilivyokakamaa, kisha wakaketi na glavu nyeupe za nta mikononi wakichekana kwamba leo wamekuwa mabibi harusi. Na kile kipimo cha nyuzi, cha kuona kiungo kimegeuka kiasi gani, rula mbili zilizounganishwa kwa msumari, ambacho nilikipenda kuliko vyote kwa sababu kilitoa namba. Kijana akitoka chuoni hupenda sana namba. Namba haikupi mkono wala haikuulizi kwenu ni wapi.

Odhiambo hakuamini vifaa, ila birika. Kila asubuhi alilichemsha si kwa ajili ya chai bali kwa ajili ya viganja vyake. Kericho ni baridi, na yeye alitoka upande wa ziwani ambako, kama alivyodai, hata mawe hutoka jasho. "Mkono baridi ni matusi," alinifundisha. "Mtu amekuletea mgongo wake, wewe unamwekea chura." Alikuwa na kanuni ya pili: usimguse mtu kutoka nyuma. Na ya tatu, ambayo sikuielewa kwa muda mrefu, ilikuwa kwamba mwili hausomi fomu.

Fomu yenyewe ilikuwa na mstari ulioandikwa "chanzo cha maumivu". Mwaka wangu wa kwanza mstari huo ulikuwa na habari nyingi tamu: ng'ombe alinipiga teke, niliteleza mtaroni na kikapu, nilibeba shemeji. Kisha zikaja zile vurugu za miaka ya tisini mwanzoni, watu wakachomewa nyumba kule chini kuelekea Fort Ternan na kwingine, majirani, Wakipsigis na Wajaluo, wakaacha kuwa majirani. Wengine wakaja kutafuta kazi na nyumba kwenye laini zetu za wafanyakazi. Chumba kikajaa. Na mstari ule wa fomu ukawa na neno moja tu: alianguka.

Ulikuwa mwaka ambao watu walianguka sana. Walianguka wakiwa wamekaa. Walianguka wakapata maumivu ya mabega yote mawili, ya tumbo, ya taya. Mwanamume mmoja alianguka akapoteza sauti. Mimi niliandika, karani akaandika, daktari mkuu akatia sahihi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni ardhi gani hii iliyokuwa ikiteleza kiasi hicho. Msinielewe vibaya, haikuwa uvivu. Ilikuwa adabu. Kumwuliza mtu mwaka huo ameumiaje kulikuwa kumwuliza ni nani aliyemwumiza, na jibu lingeweza kuwa jina ambalo unalijua, au ukoo ambao umeoa. Basi tukaheshimiana. Sijawahi kuona watu wenye heshima kama sisi.

Mama Risper naye alianguka, kwa mujibu wa fomu. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, Mjaluo, mjane, mwenye binti wa miaka minne, Risper, ambaye ndiye aliyempa jina hilo. Shingo yake ilikuwa imegeukia kushoto na haikutaka kurudi. Mkiwajua wachuna majani mnajua maana yake. Mtu huchuna kwa mikono miwili na kutazama kwa pande mbili. Akitazama upande mmoja anaacha nusu ya kichaka, na nyapara naye hana macho ya huruma. Lakini hapakuwa na haja ya kufika kwa nyapara. Kila alipoinama juu ya chai, shingo ilijifunga kabisa, pumzi ikakatika, na wenzake wakambeba mpaka kivulini.

Walimpa miezi mitatu ya kazi nyepesi, kufagia kwenye chumba cha watoto. Baada ya hapo kamati ingekaa na kuandika neno moja kati ya mawili, anafaa au hafai. Asiyefaa huondoka kazini, na anayeondoka kazini hutoa vitu vyake kwenye nyumba ya laini mwisho wa mwezi. Mama Risper hakuwa na pengine pa kupeleka vitu vyake. Pale alipokuwa navyo palikuwa pamechomwa.

"Huyu ni wako," Odhiambo akaniambia.

Nilishangaa. Wao wawili walikuwa wa lugha moja. Walisalimiana mlangoni kwa maneno marefu ambayo sikuyajua. Lakini bosi ni bosi. Nikamchukua Mama Risper, Jumanne na Alhamisi, na nikamfanyia kila nilichofundishwa. Nilipiga taa kofi. Nilining'iniza mifuko ya mchanga. Daktari mkuu aliongeza kola ngumu ya shingoni, ambayo baadaye nilikuja kugundua kwamba ilifanya kazi nzuri sana nyumbani kwake, ikishikilia chungu cha maji kisiyumbe.

"Pumua, mama," nilimwambia.

"Kwani saa hii napumua na nini, daktari?"

"Pumua ndani zaidi."

"Ndani kuna watu," alisema, na mimi nikacheka, nikidhani ni mzaha wa ziwani.

Nilipima nyuzi kila mara, nikaziandika kwa kalamu nyekundu. Jumanne ishirini, Alhamisi kumi na mbili. Jumanne ishirini na mbili, Alhamisi kumi. Kwa wiki sita shingo ile ilipanda na kushuka kama mtu asiyejua kama amekaribishwa. Nililaumu mvua ya Alhamisi. Nikalaumu mifuko ya mchanga, nikaipima upya.

Katikati ya hayo tukaletewa mtaalamu. Kanisa fulani lilimtoa ng'ambo, mtu mrefu mpole mwenye ndevu na magodoro ishirini, aje atufundishe kwamba hofu hukaa mwilini na mwili ndio unaopaswa kuitoa. Wafanyakazi walimpa jina siku ya kwanza kabla ya saa nne: Bwana Tetemeka. Katika ukumbi wa burudani aliwaambia wasimame, wakunje magoti kidogo, wapumue, waache miguu itetemeke yenyewe. Mwalimu wa shule alitafsiri. Miguu ikaanza, kweli. Bahati mbaya, kulikuwa na mhubiri wa laini ya tatu, ambaye aliona watu hamsini wakitetemeka na akaitambua mara moja kazi ya Roho. Akapanda jukwaani. Kufikia chakula cha mchana watu saba walikuwa wameokoka na Bwana Tetemeka alikuwa akiandika kwenye daftari lake, kwa furaha, kwamba mwitikio ulikuwa mkubwa.

Siku ya pili aliwalaza kwenye magodoro. Akawaomba wavue viatu na kufumba macho. Walalaji walilala, maana ni watu wa heshima, lakini hakuna aliyevua kiatu wala kufumba jicho. Wanawake ishirini wakatazama mabati, gumbuti miguuni, kama watu wanaongoja gari. Bwana Tetemeka akaandika tena, safari hii bila furaha. Mimi na Chelangat, mama wa usafi, tulicheka mpaka tukatoka nje. Hatukujiuliza ni mtu wa aina gani anayelala na viatu. Ni mtu ambaye amewahi kukimbia bila viatu.

Siku ya mwisho nilimsaidia kufunga magodoro. Akaniambia, mwalimu akitafsiri huku amechoka, kwamba mwili uliokatizwa katikati ya jambo hukaa ukingoja kulimaliza. Nikamshukuru. Niliona ni maneno mazuri ya kusemwa na mtu mwenye tiketi ya kurudi kwao.

Zikabaki wiki tatu kabla ya kamati. Alhamisi moja shingo ikasoma nyuzi nane, nikarusha kipimo kwenye droo. Mama Risper alikuwa ameshaondoka. Odhiambo alikuwa dirishani na birika lake.

"Koech, Alhamisi kuna nini hapa?"

"Mvua."

"Jumanne pia hunyesha. Nakuuliza Alhamisi kuna nini."

Nikafikiri. Alhamisi ilikuwa zamu ya Chelangat kupiga deki chumbani kwetu. Chelangat alikuwa na ndama mgonjwa, mume mgonjwa na mdomo mzima kabisa, na nilipokuwa nimemshika Mama Risper shingoni, yeye alinisimulia habari za ndama kutoka upande wa pili wa pazia, nami nikamjibu, tukacheka, kwa Kikipsigis. Kwa sauti kubwa, kama watu walio nyumbani kwao. Na kwa kweli tulikuwa nyumbani kwetu.

Nilikaa kwenye kitanda cha wagonjwa.

"Ulijua," nilisema.

"Tangu wiki ya pili."

"Na ukaninyamazia? Mzee, si ungemchukua wewe? Angekwambia yote."

"Ameshaniambia yote. Mlangoni pale." Alimwaga maji ya birika kwenye beseni, akazamisha mikono. "Mimi mwaka kesho naenda kwetu kufuga mbuzi. Nikimponya mimi, atakuwa amepona kwa Wajaluo. Huko shambani nyapara ni nani? Wanaochuna kushoto kwake na kulia kwake ni kina nani? Ama nitampa kapi aende nalo?"

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi ni Mkipsigis?" alisema. "Jaribu kumwuliza kitu."

Nimehudumia maelfu ya miili na sikumbuki siku niliyoogopa mwili kama Jumanne iliyofuata. Nilipasha mikono yangu moto, nikaketi mbele yake na sikumgusa. Nikamwambia kwamba fomu inasema alianguka.

"Ni wewe uliandika," alisema.

"Ndiyo. Uliangukia wapi?"

Alinitazama kwa jicho la pembeni, kwa kuwa ndilo alilokuwa nalo. Kisha akasema kwamba kama nataka kujua, tutoke.

Nyuma ya hospitali, mnakumbuka, chai inaanza hatua kumi kutoka kwenye kamba za nguo. Kwa mbali ni zulia, picha ya kalenda. Lakini chini ya zulia lile kuna nyumba nyingine ambayo wageni hawaijui: vijiti vitupu, giza la kijani, udongo unaonuka kama chumba kilichofungwa. Mtu mzima anaweza kulala humo na aliye juu asione kitu ila majani. Mama Risper alisimama ukingoni, akaonyesha kwa kidole.

"Ilikuwa kama hii. Shamba ya mtu, chini ya Chepseon, karibu na kwangu. Niliingia saa mbili asubuhi, nikatoka jua limeshuka. Mtoto alikuwa hapa." Alijigusa kifuani upande wa kushoto. "Nimemlalia, nimemziba mdomo. Miguu ikawa inapita hapa." Mkono wa kulia. "Inaenda, inarudi. Wanaongea ile lugha yenu, wanacheka tu kama watu wanaenda sokoni. Nilitaka kuangalia ni miguu ya nani. Sauti moja niliijua. Lakini ningegeuka, chai ingetikisika."

Chini ya Chepseon. Mama yangu anaishi juu ya soko la Chepseon, matuta mawili kutoka huko, na nilikuwa na ndugu wawili ambao sikuwa nimewauliza mwezi ule walikuwa wapi. Ningeweza kumwambia pale pale. Nikaona nyasi za kutazama.

"Hukugeuka," nilisema.

"Sikugeuka."

Nikamkumbuka yule mtu wa magodoro. Nawaambia ukweli, inaudhi kumcheka mtu nje ya ukumbi kisha kumhitaji. Nikamwuliza Mama Risper kama angependa kugeuka sasa. Nikamwambia si lazima, na kwamba akisema basi, tunaacha, tunaenda kunywa chai.

Alitandika epron yake chini, akalala kifudifudi, akajisukuma chini ya kichaka mpaka kiunoni. Mimi nikaenda upande wake wa kulia na kukaa kwenye udongo, gumbuti zangu zikiwa mahali ilipokuwa ile miguu. Kwa muda hakuna kilichotokea. Nilisikia pumzi yake, fupi, juu juu.

"Ongea," alisema kutoka chini.

"Niseme nini?"

"Hiyo yenu. Ongea hiyo."

Lugha niliyozaliwa nayo, na sikupata neno. Kila sentensi niliyoitafuta ilikuwa imeshatumiwa na mtu mwingine. Mwishowe nikafanya kitu pekee ninachojua kufanya mtu anapokuwa kwenye mazoezi, nikahesabu. Akenge. Aeng'. Somok. Polepole, kama ninavyohesabu kwa mtu anayeinua goti. Ang'wan. Mut. Nilipofika kumi nikaanza upya. Kwenye duru ya tatu majani yalitikisika. Kisogo chake kilisogea, kikakwama, kikasogea. Hakuna mkono uliokuwa juu yake. Shavu likaondoka chini, kidevu kikapita katikati, na jicho likatokea kati ya vijiti, likatazama gumbuti zangu, likapanda magotini, kifuani, usoni.

"Ni wewe tu," alisema.

"Ni mimi tu."

Kisha miguu yake ikaanza kutetemeka, ile miguu iliyokuwa nje, visigino vikipiga udongo. Nilimwambia aiache. Iliendelea muda mrefu. Nyapara mmoja alipita akasimama.

"Ni malaria?" aliuliza.

"Ni mazoezi," nilisema.

"Ya Tetemeka?"

"Ya Tetemeka."

Akatikisa kichwa kwa huruma, nadhani kunihurumia mimi, akaenda zake.

Haikuwa muujiza, msije mkaanza kulaza watu chini ya chai. Tulirudi pale mara tano. Mara mbili alikataa kuingia na tukanywa chai kweli. Mara moja Chelangat, ambaye nilikuwa nimemweleza, alikuja akaketi mbali kidogo akimenya viazi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kitu kwa nusu saa. Nyuzi zikapanda, thelathini, arobaini, Alhamisi pia. Nami nikalichukua lile faili, nikakata neno "alianguka", nikaandika juu yake: alilala chini ya chai kutwa akijificha, mtoto akiwa chini yake. Mstari haukutosha, nikamalizia pembeni.

Siku ya kamati daktari mkuu alimwambia Mama Risper ageuke kulia. Akageuka. Kushoto. Akageuka. Ainame juu ya meza kana kwamba anachuna. Aliinama, akapumua, na mikono yake ikachuna hewa pande zote mbili, upesi upesi, mpaka karani akasogeza wino wake.

"Ile kola imesaidia sana," daktari alisema.

Akasoma faili. Alipofika kwenye maandishi ya pembeni alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Nilingoja aniulize. Hakuniuliza. Alimwambia karani aandike anafaa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kwenda nje kidogo.

Jumanne iliyofuata Mama Risper alikuja chumbani asubuhi na mapema, kikapu mgongoni, akielekea shambani. Nikamwambia bado ana siku sita za matibabu kwenye kadi.

"Sitakuja," alisema. "Nyapara amenipa mstari wangu."

"Shingo ikikusumbua utarudi."

"Nitarudi." Hakuondoka. "Daktari. Wewe umeniuliza yangu yote. Kwenu ni wapi?"

Odhiambo alikuwa dirishani. Aliacha kumimina maji.

Wenzangu vijana, kuna majibu mengi ya swali hilo. Kuna "hapa hapa tu". Kuna "mbali kidogo". Nimewahi kuyatumia yote.

"Chepseon," nilisema. "Juu ya soko."

Bega lake la kulia lilipanda. Niliona, ndiyo kazi yangu kuona. Lilikaa juu kwa pumzi mbili, tatu, nami sikunyoosha mkono. Kisha likashuka lenyewe.

"Mama yuko?"

"Yuko."

"Na ndugu?"

"Wawili. Wako."

Alitingisha kichwa polepole, kama mtu anayepanga vitu kwenye rafu.

"Ukienda, wasalimie," alisema. "Waambie wamesalimiwa na Mama Risper wa pale chini. Watanijua."

Akakaza kamba ya kikapu, akatoka, akageuza shingo kutafuta kitasa, akavuta mlango mpaka ukafungika.